Kitabu Nilichokifunika Katikati

Kazi yangu siku hizi ni kusoma vitabu vya watoto na kusema kama vinafaa. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mwanangu nilipomwambia kwa simu alicheka mpaka akakohoa. Skuli nilisoma darasa la tatu tu, Bwejuu, nikatolewa nikasaidie nyumbani. Kusoma kwenyewe nilikuja kukumaliza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, mtoto nimembeba mgongoni. Kuandika naandika, lakini mstari wangu unapanda mlima. Kwa hiyo mtu kama mimi akiambiwa kwamba neno lake linatiwa kwenye faili, anavimba. Mie nilivimba, sifichi.

Chumba cha vitabu kipo chini ya nyumba moja ya ghorofa Mkunazini, si mbali na tunapokaa. Zamani kilikuwa duka la fundi cherehani, na mpaka leo ukifagia pembeni unatoa sindano. Mwenyewe ni mwanamke wa makamo, babu zake walikuwa Waarabu wenye mashamba ya mikarafuu, yeye ana rafu nne za vitabu. Wachapishaji humletea vitabu vipya. Kila kitabu kinasomwa na watu watatu na kila mmoja anajaza karatasi ya maoni. Karatasi zikikubali, kitabu kinatiwa kwenye masanduku yanayopelekwa skuli za shamba: Uroa, Bwejuu, Nungwi. Zikikataa, kinarudi kwa aliyekileta.

Mie niliingia humo kwa ajili ya pweza. Nilikwenda kumchukua mjukuu wangu, nikakuta mtoto mdogo anasoma kitabu cha pweza chenye picha kubwa. Nikaihesabu mikono ya yule pweza. Saba. Nikahesabu tena, labda mmoja uko nyuma ya jiwe. Jiwe lenyewe halifichi hata kaa. Nikamwita mwenye chumba.

"Bi Mkubwa," akasema, "hiki kimesomwa na watu watatu na hakuna aliyeona."

"Watatu hao wamemla pweza, hawajamchokoa."

Akacheka, akanipa karatasi nijaze. Ndiyo hivyo. Baada ya hapo kila kitabu kikija ananiwekea. Nimekataa kitabu ambacho mtoto anaingia ndani, anamkuta babu yake, anasema "Mambo". Nilisema huyo mtoto arudi mlangoni aingie upya. Nimekataa kitabu cha mama anayekaanga samaki kavaa dhahabu zake zote. Niliuliza harusi ya nani. Na vingine nimevisifu, maana mtu asiyesifu hasikilizwi akikemea.

Mwenzangu mezani alikuwa mwalimu mstaafu, kasomesha nusu ya mji huu. Mtu mzuri, lakini kitabu alikisoma hivi: maneno ya nyuma ya jalada, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho, basi. Nikamwambia mbele ya watu, "Mwalimu, weye mchuzi unauonja kwa kunusa mvuke." Watu walicheka, naye alicheka kidogo. Mie kila kitabu nilikisoma chote. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yangu pale. Wao wana vyeti, mimi namaliza kitabu.

Vitabu vyembamba nasoma mwenyewe kwa kidole. Vile vinene, vya watoto wanaokaribia utu uzima, ananisomea mjukuu wangu. Nimemlea mimi tangu alipoachishwa ziwa. Mama yake anafanya kazi hotelini Nungwi, huja mara mbili kwa mwezi na mfuko wa sabuni ndogondogo. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baada ya alasiri, akisharudi chuoni kusoma Kurani, anakaa kizingitini anasoma, mie na sinia la mchele mapajani natoa mawe. Tukimaliza kitabu, mie nasema, yeye anaandika, natia sahihi.

Basi kikaja kitabu cha msichana wa kijiji cha pwani, mama yake analima mwani. Nilikipenda tangu mwanzo. Aliyeandika anaujua mwani. Kasema vidole vinavyochubuka na chumvi inavyoingia mchubukoni. Kasema kiuno cha mama usiku hakikunjuki. Nikamwambia mjukuu wangu, "Huyu kazamisha miguu kwenye maji, huyu." Tulikwenda nacho vizuri siku tatu.

Siku ya nne tukafika pahala msichana yuko darasani, tumbo linamuuma, akainuka kidogo akaona kiti kimeingia doa. Sauti ya mjukuu wangu ikapungua. Akasoma mstari mmoja zaidi.

"Funika," nikamwambia.

"Bibi, ndio kwanza nusu."

"Nshasikia. Funika."

Lazima nieleze hapa, kwa anayetoka mbali. Kwetu mtoto wa kike akikaribia ukubwa hutafutiwa somo. Somo si mama. Baina ya mama na mtoto kuna haya, na haya ile ina kazi yake. Bibi kwa desturi ana utani na mjukuu, lakini huyu mie nimemlea, nimegeuka mama, utani ule ulituponyoka zamani. Somo ni mwanamke wa pembeni kidogo, mwenye akili na siri. Siku mtoto anapovunja ungo humwendea yeye, naye humfunza kila kitu: kujisafisha, swala, funga, maneno ya watu. Mie somo nilikwishamchagua moyoni, binti wa ndugu yangu, yuko Bwejuu. Ila sikuwa nimemwambia. Nilijiambia mtoto mwembamba huyu, anaruka kamba bado, ana mwaka mzima mbele yake.

"Hutaki kujua alifanyaje?" akaniuliza.

"Alifanyaje ataambiwa na somo wake. Kitabu hakijui kunong'ona."

"Na asiye na somo?"

"Asiye na somo ana watu wazembe."

Nilimjibu hivyo, kwa mdomo wangu, huku natoa jiwe kwenye mchele. Yeye akainamisha kichwa.

Nikamwambia achukue karatasi. Nikamtajia: kitabu hiki hakifai, kinachukua kazi ya watu, mambo ya ndani hayasomwi darasani mbele ya wavulana, mwani kaueleza vizuri na hilo nampa. Mambo yenyewe hayakuzidi vidole vya mkono mmoja. Yeye akaandika kwa muda mrefu. Nikadhani anapamba mwandiko. Aliponiletea, miwani yangu ilikuwa chumba cha pili na mchele uko mapajani. Nikatia sahihi.

Jumamosi asubuhi tukakaa mezani watatu: mwenye chumba, mwalimu na mimi. Msomaji wa tatu wa kitabu kile alikuwa mama mmoja kijana, hakuja, alileta karatasi tu. Mjukuu wangu alikuwa kwenye mkeka upande wa pili, anawasomea wadogo.

Mwenye chumba akaanza na karatasi ya yule mama. Alisema kitabu kizuri lakini anaogopa wazazi watalalamika. Akaja ya mwalimu: lugha safi, mada nzito, kiwekwe sekondari tu, skuli za msingi kisipelekwe. Kwa hiyo ikabaki yangu. Yangu ndiyo ingeamua kama kitabu kitaingia kwenye masanduku au hakiingii. Nikajiweka sawa kitini.

Akasoma:

"Kitabu hiki kinafaa."

Nikafungua mdomo niseme kakosea karatasi. Akaendelea.

"Msichana wa kitabuni alipatwa na jambo akiwa darasani, akabaki kwenye kiti mpaka wenzake wote walipotoka. Hilo ni kweli. Mtu hubaki. Hujifanya anatafuta kalamu. Kitabu kinasema kitambaa kinakunjwa vipi, na kinasema si ugonjwa. Mtoto ambaye hana wa kumwuliza atajua kwamba hafi. Kasoro ya kwanza: kitabuni rafiki yake alimpa mtandio wa kujifunika. Si kila mtu ana rafiki hapo. Mwandishi aseme kwamba ukilegeza kamba za mkoba, mkoba unashuka unafunika nyuma. Kasoro ya pili: hakusema habari za Ramadhani. Chuoni tumefunzwa kwamba siku hizo mtu hafungi. Lakini akila mchana, nyumbani watajua. Basi atafunga tu, siku zote, na hazitahesabiwa, na watu watamsifu."

Nikaanza kuzihesabu siku za nyuma.

Ramadhani iliyokuwa imepita niliwatangazia majirani ngazi nzima, juu mpaka chini, kwamba mjukuu wangu mwaka huu hakula hata siku moja. Siku ya Idi nilimshonea gauni zaidi kwa ajili hiyo. Na mkoba. Kulikuwa na siku alikuja kutoka skuli kachelewa, mkoba umemning'inia mpaka mapajani, nikamwuliza kama anabeba mkoba au anabeba matandiko ya punda.

Nikatazama kwenye mkeka. Alikuwa amenipa mgongo na ameacha kusoma. Watoto wanamvuta mkono aendelee.

"Bi Mkubwa," akasema mwalimu, "ya leo imekwenda mbali. Hayo ya mkoba umeyatoa wapi?"

"Macho ninayo."

"Na mwisho wake umeuonaje? Maana mie mwisho sikuupenda. Yule bibi yake, pale anapofanya vile."

Ukurasa wa mwisho bila shaka alikuwa ameusoma. Mie sikujua hata kama kitabuni mna bibi.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Nikisema karatasi si yangu, ataniuliza ya nani, na watu wote wanajua anayeniandikia ni nani. Mwalimu si mtu mbaya, lakini ni mwanamume, na mjukuu wake wa kiume yuko darasa moja na mtoto wangu. Ningekuwa nimemvua nguo katikati ya chumba. Nikisema nimeupenda mwisho, au nimeuchukia, ningekuwa mwongo, tena mwongo mjinga, maana angeuliza la pili.

"Mwisho sijausoma," nikasema.

Mwenye chumba akainua kichwa. "Hukumaliza?"

"Sikumaliza. Nilikifunika katikati."

"Lakini karatasi ni yako?" akauliza mwalimu.

"Sahihi ni yangu."

Akaegemea kiti, furaha imemjaa, na alistahili. "Wallahi leo na weye umenusa mvuke."

"Nimenusa, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Ni mara hii. Ukinikamata nyingine unambie."

Alicheka mpaka akavua kofia. Mie uso ulikuwa unawaka. Sikuwahi kuona haya namna ile mezani pale, hata siku ya kwanza nilipokuja na miwani ya kuazima. Mwenye chumba hakucheka. Aliutazama mwandiko, akatazama kwenye mkeka, akanitazama mie. Yeye ni mwanamke. Akaigeuza karatasi kifudifudi, akaiwekea kitabu juu.

"Hiki tukiahirishe wiki mbili," akasema. "Bi Mkubwa akimalize. Tuendelee na kinachofuata."

Tukarudi nyumbani. Tulipofika ngazini, mahali ambapo mwanga haufiki na majirani hawaoni, nikasimama.

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani. Wiki mbili kabla."

"Ulimwambia nani?"

"Nani wa kumwambia?"

"Mama yako."

"Yuko Nungwi."

"Na mimi?"

Akanitazama. "Si ulisema mambo hayo wewe husikilizi."

Nilikuwa nimesema. Na si siku ya kitabu tu. Tangazo la pedi likipita kwenye televisheni nilikuwa nazima, nasema watu hawana haya.

"Umeandika maneno yako ukayatia jina langu," nikamwambia.

"Ndiyo, Bibi."

"Hiyo ni nini?"

"Ni uongo."

"Ulikuwa unataka nini?"

"Nilitaka kitabu kiende Bwejuu. Wewe ungekirudisha."

Hasira nilikuwa nayo, tena ya mafungu mawili, na sikujua fungu lipi la kulishika kwanza. La kwake lilikuwa rahisi zaidi. Nikamwambia kuanzia leo haniandikii tena, mtu aliyeghushi mara moja kalamu yake imevunjika. Akasema sawa. Halafu akabaki amesimama, kama anayengoja fungu la pili. Nikamwambia, "Na mie nilizembea. Panda, ukapike chai."

Jioni ile ile nikampigia simu binti wa ndugu yangu Bwejuu, nikamwomba awe somo wa mtoto. Hakuniuliza mengi. Alisema, "Shangazi, mbona mtoto mwenyewe mkubwa sasa?" Nikamwambia mbona yake aipeleke kwingine, mimi nataka jibu. Jumatatu akaja na mkoba wake na samaki wa kukaanga. Wakaingia chumbani, wakafunga mlango. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi, kwa sababu ndio pahala pangu. Walikaa mpaka karibu na magharibi. Mara mbili nilisikia kicheko, cha kwanza cha mkubwa, cha pili cha wote wawili. Walichokisema sikijui, wala sikuuliza. Alipotoka aliniambia kimoja tu kinachonihusu: mtoto ana siku za funga za kulipa, na nisimtume sokoni juani siku hizo.

Sikumtuma. Nilifunga naye. Majirani waliuliza tunafunga nini, nikawaambia mimi na umri wangu nina madeni mengi, na mtoto ananisindikiza. Hiyo ilikuwa kweli ya kutosha.

Siku zile zile nilikuwa na kitabu. Nilikaa nacho peke yangu, miwani usoni, kidole kwenye mstari. Nusu iliyobaki ilinichukua siku tisa. Kuna maneno niliyarudia mara tatu kabla hayajakaa. Yale mambo ya ndani niliyoyaogopa, yamesemwa kwa adabu. Aliyeandika kanong'ona. Sikujua kwamba karatasi inaweza. Nami nilijua yote, bila shaka, nimezaa watoto watano, lakini ukurasa ule wa kitambaa niliusoma kama mtu anayesomewa barua kutoka kwao. Mie siku yangu nilidhani nimekatwa na jiwe la baharini. Nilikaa majini mpaka maji yakajaa kiunoni. Somo wangu alinipata huko.

Mwisho nao niliufikia. Bibi wa kitabuni anamtazama mjukuu wake mara moja tu, akiingia mlangoni, na papo hapo anajua. Anachukua ile sketi, anaifua, anaianika nyuma ya nyumba bila ya kuuliza neno. Watu wengi watalia hapo. Mie nilikasirika.

Wiki ya pili nikaenda na karatasi yangu, niliyoiandika mwenyewe. Kurasa mbili, mistari inapanda mlima. Mwenye chumba alitaka anisomee, nikakataa, nikasoma mwenyewe kwa sauti, na mwalimu akangoja kila neno kama anayemngoja mtoto wa darasa la kwanza. Niliandika kwamba mara ya kwanza nilihukumu nusu. Niliandika kwamba kitabu kinafaa, kipelekwe, na kwamba kazi ya somo hakiichukui, kinaifanya pale ambapo watu wamechelewa. Kasoro niliandika moja. Bibi wa mwisho si kweli. Mtu anaweza kulala nyumba moja na mtoto, kula naye sinia moja, na asijue. Mwandishi asiwaambie watoto kwamba bibi atajua kwa kutazama, watakaa wanangoja kutazamwa. Waambiwe waseme.

Mwalimu akavua miwani akaifuta. "Mie sikuupenda mwisho kwa sababu nyingine," akasema. "Lakini yako ni bora."

"Yako ilikuwa ipi?"

"Niliona bibi hana kazi ya kufua sketi, mtoto afue mwenyewe."

"Mwalimu," nikamwambia, "soma na katikati."

Mwenye chumba akaitoa ile karatasi ya kwanza chini ya kitabu. Akauliza, bila ya kumtazama mtu, afanye nayo nini, maana msomaji mmoja hawezi kuwa na karatasi mbili. Nikamwambia aitie kwenye faili, aikate sahihi yangu, aandike "msomaji wa nne". Mwalimu alifungua mdomo, kisha akaufunga. Nadhani alikuwa ameshaelewa, na kama alielewa basi kaificha vizuri, kwa sababu mpaka leo sijasikia kitu kutoka popote. Kwa hilo nimemsamehe vitabu vyote asivyovisoma.

Ikabaki sehemu moja tupu kwenye karatasi yangu. Wanataka uandike umri wa msomaji, ili wajue kitabu kiingie sanduku lipi. Mwalimu alikuwa ameandika sekondari. Mjukuu wangu aliandika darasa la sita. Mie sikuwa nimeandika kitu.

"Tia nambari, Bi Mkubwa," akasema mwenye chumba. "Bila ya nambari sanduku halifungwi."

"Nambari siijui. Mie niliyoidhani ilichelewa."

"Basi tufanyeje?"

"Punguzeni. Mkidhani kumi na nne, andikeni kumi."

Wakaandika kumi.